Laini Iliyopiga Kelele Ruiru

Siku mliyoniaga pale Thika mliniomba niseme kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, nami nikasema kidogo kweli, kwa sababu keki ilikuwa imeshakatwa na Dennis alikuwa ameikodolea macho. Sasa niko nyumbani Kamenu, kuku wamelishwa, na hakuna mtu wa kunipigia kuniambia laini imekufa. Nina nafasi ya kusema yote. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nitaandika yale yaliyonifanya niende kazini mbio. Na nilienda mbio, hata miaka ya mwisho magoti yalipoanza kunipinga.

Siku ya kwanza nilifika kituo cha simu nikiwa na sketi iliyopigwa pasi na viatu vya kisigino, kwa kuwa mama alikuwa amewatangazia majirani kwamba naenda ofisini. Nilikabidhiwa kwa fundi aitwaye Wafula, mtu wa Bungoma aliyekuwa ameishi mtaa wa Landless muda mrefu hadi akajua Kikuyu cha kununua mboga bila kupunjwa. Aliniangalia kuanzia viatuni kwenda juu.

"Habari yako, Wairimu."

"Nzuri, mzee."

"Karibu. Ofisi yako ndiyo hii," akasema, na akainua mfuniko wa shimo la nyaya kando ya barabara.

Nilivua viatu nikashuka. Chini kulikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu na nyaya nene kama mkono wa mtu. Wafula alikuwa amefungua mmoja, na ndani yake nikaona shaba nyembamba kama nywele, mamia, zikiwa zimesokotwa mbilimbili. Akazishika jozi moja moja akinitambulisha kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Hii ni ya duka la vitambaa. Hii ni ya daktari wa meno. Hii ni ya mama mmoja anayeongea na dada yake Murang'a kila siku hadi Wafula anashangaa waya haushiki moto. Nilisimama mle majini, baridi imenishika, nikawaza kwamba mji wote wa Thika unaongea kupitia mikono yangu. Nilipanda juu nikiwa nimeharibu sketi, na sikutaka kazi nyingine tena maishani.

Wafula alinifundisha kwa miguu. Hakuamini ramani ya nyaya hata moja. Alisema zilichorwa na mtu aliyekuwa na haraka ya chakula cha mchana. Kwa hivyo tulitembea. Tulifuata nyaya chini ya lami, nyuma ya viwanda, kando ya mashamba ya kahawa na mananasi, tukihesabu mashimo na kugongagonga mifuniko. Alibeba koleo, bisibisi, na ile simu ya fundi yenye klipu mbili za kubana kwenye shaba, ambayo aliivaa kiunoni kama askari anavyovaa bastola. Akifika mahali anabana klipu, anasikiliza, anafumba macho.

"Unasikia nini?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Umbali," akajibu.

Nilidhani ananitania. Akanipa nisikilize. Baadaye akanipeleka mwisho wa waya huohuo, mbali kabisa, akanipa tena. Mlio ulikuwa uleule lakini umekonda, kama umetembea na kuchoka. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mengine yote ya kazi hii yalitoka ndani yake: waya unakula. Kila hatua ya shaba inakula kidogo cha kile unachotuma. Ukiwa na mtu wa mbali unapaza sauti, na ukiwa na mtu wa karibu unaishusha, la sivyo unamziba masikio.

Halafu zikaja laini za kidijitali. Nyinyi mmezaliwa nazo, hamwezi kujua tulivyochanganyikiwa kwa furaha. Jozi mbili tu za shaba zilikuwa zinabeba simu thelathini kwa wakati mmoja, kila sauti imekatwakatwa kuwa namba na kuunganishwa upande wa pili. Wafula alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na wakubwa walifikiri hana haja na mafunzo. Alienda hata hivyo. Aliketi mstari wa mbele, akauliza maswali hadi mwalimu akaahirisha chai.

Laini yetu ya kwanza ilikuwa ya kiwanda kimoja cha nguo hapo Thika. Tulifunga kadi ya mtambo, ile inayotuma mawimbi, tukaunganisha waya, na kwenye kompyuta ikatokea sehemu ya kuchagua urefu wa waya: mfupi, wa kati, mrefu, mrefu sana. Ukichagua mrefu, kadi inatuma mawimbi yenye nguvu zaidi. Ukichagua mfupi, inayapunguza. Wafula alisoma maneno yale akaanza kucheka peke yake.

"Wameiandika," akaniambia. "Yale yote tumetembea, wameyaandika hapa."

Tulichagua wa kati. Taa nyekundu ya kadi ikazima, ya kijani ikawaka na ikabaki imewaka. Mkurugenzi wa kiwanda alikuwa amejitayarisha kupiga simu ya kwanza, tai imekazwa, lakini Wafula alikuwa tayari ameshika mkono wa simu akiongea Kibukusu na mke wake kijijini, akimuuliza kama anamsikia vizuri. Alimsikia vizuri. Mkurugenzi akangoja zamu yake.

Baada ya Wafula kwenda kwao, nilihamishiwa upande wa Ruiru, nikapewa mwenzangu wa kufanya naye kazi. Alikuwa injinia kijana kutoka chuo kikuu, Wanjiru, ambaye wote tulimwita Shiro. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mwepesi wa kuingia matopeni, na mambo hayo mawili sikuwahi kuyaona pamoja kwa injinia. Tulipendana tangu wiki ya kwanza, tulipogundua kwamba sote wawili tunaongea na mitambo tukidhani hakuna anayetusikia.

Kesi ninayotaka kuwaachia ni ya mwaka tuliokuwa pamoja pale. Kulikuwa na hospitali moja ndogo Ruiru, hasa ya akina mama kujifungua, iliyokuwa na laini yetu ya simu thelathini. Mwezi wa Julai walianza kulalamika kwamba simu zinakatika. Mafundi walienda, wakapima, wakakuta laini ni nzima, wakarudi. Malalamiko yakaja tena. Mafundi wakaenda tena, na safari hii, ili wasirudi mikono mitupu, wakaongeza nguvu ya mawimbi. Simu zikazidi kukatika. Wakaongeza tena. Mwishowe hospitali ikasema itaondoa laini yetu kabisa, nasi tukatumwa, Shiro na mimi.

Mwenye swichibodi pale alikuwa mama mmoja mtulivu aitwaye Wambui. Tulimkuta anafuma sweta huku amevaa vidude vyake vya masikioni.

"Nyinyi ni wa nne," akasema bila kuinua macho. "Mnakujanga saa sita, jua imewaka, mnapata laini iko sawa, mnanipatia karatasi niweke sahihi. Mimi simu zangu zinakatika asubuhi. Kujeni saa moja, kukiwa na baridi."

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulikubali kuja saa moja.

Mnajua baridi ya Julai ya upande ule, ile ya ukungu unaokaa juu ya mashamba ya kahawa hadi karibu saa nne. Asubuhi ile Shiro alienda kwenye kabati letu jipya la barabarani, ambako laini ilianzia, akiwa na kompyuta yake. Mimi nikaingia chumba cha mitambo cha hospitali, kilichokuwa nyuma tu ya kiti cha Wambui, nikaunganisha mashine ya kupimia. Tulikuwa na jozi moja ya akiba kwenye waya uleule, kwa hiyo kila mmoja akabana simu yake ya fundi hapo na tukawa tunaongea. Simu za mkononi wakati huo zilikuwa za watu wachache, na sisi hatukuwa miongoni mwao.

Mashine ikaanza kuhesabu makosa papo hapo. Namba zilipanda kama mita ya teksi. Nilitazama nguvu ya mawimbi nikitegemea kuona unyonge, kama mafundi wote walivyodhani. Niliangalia mara mbili.

"Shiro, hii laini si dhaifu. Inapiga kelele."

"Kelele kiasi gani?"

Nikamsomea. Nikamsikia akibonyeza kompyuta yake.

"Wairimu, hili kabati liliwekwa hapa lini?"

Lilikuwa limewekwa mwezi wa Aprili. Kabla ya hapo laini ya hospitali ilitoka kituo cha simu, mbali sana. Tulipoleta nyuzi za kioo, zinazobeba simu kwa mwanga, na kusogeza kabati, waya wa shaba ukafupika, lakini kadi ikapangwa vilevile kama zamani. Niliposema hivyo kwa sauti, tayari nilikuwa najua jibu lake.

"Imeachwa kwa waya mrefu," akasema. "Na sasa waya ni mfupi. Halafu shaba ikipoa inakula kidogo zaidi ya—hapana, ngoja. Shaba ikipoa inapitisha vizuri zaidi. Inakula kidogo. Mchana ikipata joto inakula zaidi, mawimbi yanashuka, laini inatulia."

"Na kila fundi akija anaongeza."

"Kila fundi akija anaongeza," akarudia, na tukaanza kucheka, mmoja kwenye kabati la barabarani na mwingine kati ya mitambo. Sijui kama mmewahi kuhisi hivyo, kitu kilichokuwa kimekwama kwa wiki nyingi kikifunguka mikononi mwenu. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie ashushe, mlango ukafunguka.

Alikuwa Wambui, sweta bado iko mkononi.

"Msiguse kitu," akasema. "Sista ako na mtu kwa simu."

Sista Nafula ndiye aliyesimamia wodi ya kujifungua. Alikuwa amekuja kuongea kwenye meza ya swichibodi, na kutoka nilipokuwa nilimwona mgongo. Simu ilikuwa imetoka kiwanda cha kahawa cha wakulima huko Theta. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya kugeuza kahawa kwenye meza za kuanikia alikuwa amefika kazini asubuhi, uchungu ukamshika pale pale. Gari lililoitwa kumbeba lilikuwa limekwama kwenye matope. Walikuwa wamemlaza ofisini juu ya magunia, na aliyekuwa ameshika simu ni karani wa mizani.

Wambui akaniwekea kidude kimoja cha masikioni nisikie laini ilivyo. Niliwasikia wote wawili.

"Mimi ni karani tu, Sista," mwanamume alikuwa akisema. "Kazi yangu ni kupima kahawa."

"Leo utapima mtoto. Kuna mwanamke mwingine hapo?"

"Wako wawili. Wamem—" Kisha mkwaruzo. "—shika mgongo. Sista? Sista, umesema nini?"

"Nimeuliza kichwa kinaonekana?"

Mkwaruzo tena. Maneno yalikuwa yanafika nusunusu. Nilirudi mbio kwenye mashine. Makosa yalikuwa yanazidi, na taa nyekundu ya kadi ya upande wa hospitali ilikuwa imeanza kupepesa, jambo linalotangulia laini kuanguka yote. Nikamweleza Shiro kwa haraka.

"Ninaweza kushusha sasa hivi," akasema. "Ni amri moja. Lakini kadi itajipanga upya. Laini itapotea kidogo."

"Simu itakatika?"

"Kwa vile ninavyojua, mtambo wa hospitali hungoja sekunde kadhaa kabla ya kuachilia simu. Kadi ikirudi mapema, simu inabaki. Kwa vile ninavyojua. Sijawahi kujaribu na mtu akiwa ndani."

"Na tukiacha?"

"Wewe ndiye unaona taa."

Niliiona. Nikaweka chini simu ya fundi, nikaenda kwa Sista Nafula. Haukuwa uamuzi wangu, wala wa Shiro. Nilimwambia kwa maneno mafupi kadiri nilivyoweza: laini hii inaweza kuanguka yenyewe wakati wowote, tunaweza kuitengeneza sasa, lakini tukiitengeneza kutakuwa na kimya, na huenda simu ikakatika.

Alinitazama kwa muda mfupi sana. Akarudi kwenye simu, akaongea polepole, neno baada ya neno.

"Karani, nisikize. Simu inaweza kupotea. Usiogope. Kichwa kikitoka, usivute. Kishikilie tu. Mtoto akitoka, mpanguse kwa kitambaa kisafi, mlaze kwa kifua cha mama yake, wafunike wote. Kitovu usiguse. Umeshika hiyo?"

"Nisivute. Kifua. Nifunike. Nisiguse."

"Haya. Usiweke simu chini hata ukisikia kimya." Akanigeukia. "Fanya."

Nikakimbia nikamwambia Shiro, "Sasa."

Kimya kikaja. Sijui kilidumu kiasi gani, na Shiro akiniambia ni kidogo nitamkubalia kwa heshima tu. Mashine ya kupimia iliganda. Taa nyekundu ikawaka bila kupepesa. Wambui alikuwa ameshika mkono wa Sista, na mimi nilikuwa nimeshika ubao wa mitambo kama mtu anayezuia ukuta usianguke. Nilikuwa naiambia ile kadi mambo ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa mimi ni mshirika wa kanisa.

Taa nyekundu ikazima. Ya kijani ikapepesa, ikapepesa tena, ikatulia.

Nilirudi mezani nikaweka tena kidude cha masikioni, na hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilisikia chumba kizima cha Theta. Nilisikia mvua ndogo kwenye mabati, na mwanamke mmoja akisema kwa Kikuyu, vumilia mama, vumilia, na mama mwenyewe akiguna.

"Sista," karani akasema, na sauti yake ilikuwa hapo hapo, kama ameinama juu ya meza yetu. "Bado uko?"

"Niko. Endelea."

"Kichwa iko nje. Sijavuta."

"Vizuri sana. Mwambie mama apumue kidogokidogo. Asisukume mpaka nikwambie." Akasubiri. "Sasa mwambie asukume."

Mashine yangu ilikuwa inaonyesha makosa sifuri. Nilitakiwa kuandika vipimo, na badala yake nilikuwa nimesimama nyuma ya Sista Nafula nimejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Tukasikia kishindo cha watu wakisogea, halafu sauti za akina mama zikipandana, halafu hakuna kitu. Nilimwona Sista akihesabu kwa midomo.

"Mpanguse mgongo," akasema. "Kwa nguvu kidogo. Kama unapanguza vumbi."

Na mtoto akalia. Alilia kwa sauti kubwa iliyofika yote, mwanzo wake na mwisho wake, hakuna kipande kilichopotea njiani. Katika miaka yangu yote nimesikiliza laini nyingi nikizipima kama ni safi. Sijawahi kusikia iliyo safi kama ile.

"Ni msichana," karani alikuwa anasema. "Nimemweka kwa kifua. Nimefunika. Sijagusa. Sista, naomba nikae chini."

"Kaa," Sista akamwambia. "Sasa unaweza kukaa."

Niliporudi kuchukua simu ya fundi, Shiro alikuwa anaita jina langu tangu zamani. Nikamwomba Wambui aweke Theta kwenye kipaza sauti, nikafungua mlango na kuielekeza ile simu ya fundi upande wa meza yake ili Shiro asikie mwenyewe. Kisha nikasikia injinia wetu, peke yake barabarani kwenye ukungu, akilia waziwazi na kupenga kamasi.

Gari la hospitali lilifika Theta kwa barabara ya upande wa pili, na mama na mtoto waliletwa kabla ya mchana. Tulikwenda kuwaona wodini, Shiro akiwa na matope hadi magotini, muuguzi akimfuata nyuma na kitambaa cha kupangusia sakafu. Mama alikuwa amechoka, anatabasamu. Sista alimweleza sisi ni watu wa simu. Akatuangalia kwa adabu, akatuuliza kama kuna mtu anayeweza kutuma habari kwa karani aende nyumbani akapumzike, kwa sababu alipoondoka pale alimwacha amelala juu ya magunia, na watu walikuwa wamepanga foleni na kahawa yao.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na mingine ilikuwa mizuri. Lakini nitaishia asubuhi iliyofuata, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na jibu. Laini iliyotengenezwa haijulikani imepona hadi ipitie tena kile kilichokuwa kikiiangusha, na kilichokuwa kikiiangusha hii ni baridi. Saa moja tulikuwa pale, wote wawili, na ukungu ulikuwa mzito kuliko wa jana. Niliunganisha mashine. Shiro akaleta kiti. Wambui akatuletea chai na kuendelea kufuma. Tukakaa tunatazama namba ambayo haikuwa inafanya chochote. Ilikuwa sifuri, na ikabaki sifuri, na hatukuweza kuondoa macho.

Swichibodi ikalia. Wambui akapokea, akasikiliza, akatabasamu, akamwita Sista Nafula. Alikuwa karani wa Theta. Wambui alikuwa ameiweka kwenye kipaza sauti bila kuombwa.

"Habari ya asubuhi, Sista. Nakusikia vizuri sana leo."

"Hata mimi nakusikia. Mama na mtoto wako sawa. Wewe umelala?"

"Nimelala. Sista, niko na shida kidogo. Niko na daftari ya waliofika kazini jana, na meneja anaitaka. Huyu mama alifika saa kumi na mbili na nusu, nilimwona kwa macho yangu, lakini hakugeuza kahawa hata kidogo. Sasa sijui niandike alifika, ama niandike hakufika."

Sista Nafula alitutazama, kisha akainamia kipaza sauti.

"Andika wamefika wawili," akasema.

Tulisikia kalamu ikikwaruza karatasi.